Giza la Kuazima

Mvua ya wiki tatu ilikatika jioni, na jua lilipotua majirani wawili waliotenganishwa na ua wa seng'enge waliihitaji anga hiyo kavu kwa kazi mbili zisizopatana.

Brigid Namalwa, mwalimu wa fizikia, alisimamisha kamera nyuma ya nyumba yake kwenye barabara ya kwenda Plateau, akaielekeza magharibi. Kabla ya mvua alikuwa ameipiga picha nyota yenye mkia iliyoonekana huko kila jioni. Aliupima mkia, akawaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba utarefuka, nao wakaliandika kadirio hilo ubaoni. "Hatuamini tu," aliwaambia. "Tutapima." Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Kesho nyota ingepotelea katika mwanga wa jua, isirudi ila baada ya maelfu ya miaka. Bila picha ya pili, kadirio lake lingebaki porojo.

Ng'ambo ya ua, Mzee Irungu alikuwa ameleta mashine ya kukausha mahindi. Mahindi yalikuwa yamelala chini ya turubai hadi yakaanza kupata joto. Taa kubwa iliyofungwa mtini iliwamulikia vibarua, na makapi yalipaa mbele ya taa hiyo kama moshi mweupe, yakaifunika magharibi yote.

Namalwa alipiga picha moja, akaifuta. Akakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Mwishowe akaenda kwenye ua.

"Mzee, naomba mnizimie taa. Dakika kumi tu."

"Mwalimu, haya mahindi yakioza, utakula hiyo nyota?"

"Yana unyevu kiasi gani?"

"Asilimia kumi na tisa."

Alijua maana yake: siku chache tu na kuvu itaingia. "Dakika kumi haziwezi kuyaharibu," alisema.

Mama Ciku, mke wa Irungu, alicheka akiwa ameketi juu ya magunia. "Mpatie giza lake, Baba Ciku. Asipolipata, huyu hatatuacha tulale."

Taa ikazimwa. Hakuna aliyethubutu kulisha mashine gizani, kwa hiyo vibarua waliketi.

"Madam anatafuta bwana huko juu?" mmoja aliuliza, na wengine wakaangua kicheko.

Namalwa aliinamia kamera. Alikuwa akipiga picha moja baada ya nyingine. Alipozitazama, zote zilikuwa doa jeupe lisilo na umbo. Akagusa lenzi, ilikuwa imelowa umande. Jambo ambalo angemkumbusha mwanafunzi yeyote lilikuwa limempita, kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwenye taa ya jirani. Alifuta kioo, kikaingia ukungu tena akiwa anakitazama. Dakika zikaisha, taa ikawaka.

Akapita chini ya seng'enge hadi mahali mahindi makavu yalipokuwa yakimwagika yakiwa moto. Alivua soksi yake moja, akaijaza punje, akaifunga.

"Hiyo nayo ni dawa ya wapi?" Mama Ciku aliuliza.

"Ni joto tu, Mama. La kuzuia umande."

Soksi ilipozungushwa kwenye lenzi, kioo kilianza kukauka. Lakini nyota ilikuwa imeshuka sana, na chini yake, upande wa Turbo, ukuta wa mawingu ulikuwa ukipanda huku ukimulikwa na radi. Namalwa aliutazama, kisha akalitazama rundo la mahindi mabichi lililobaki kwenye turubai. Kila dakika ya giza ingetoka kwenye rundo lile. Hesabu ilikuwa rahisi, nayo haikumpendelea.

Alienda hadi kwenye ua, akarudi kwenye kamera, akaenda tena.

"Mzee, mvua inakuja. Hamtamaliza yote."

"Naiona."

"Hata hivyo naomba tena."

Irungu aligeuka kulitazama rundo. Alimwashiria Mulongo, mwenye mashine, na taa ikazimika.

Safari hii hakuna aliyecheka. Namalwa alipata picha nne safi kabla wingu halijaimeza nyota. Akapaza sauti, "Washeni!" Hapo hapo akaukuza mkia kwenye skrini ya kamera, akaupima, akaupima mara ya pili. Matone yalianza kuanguka. Akaifunika kamera na kukimbilia shambani, mguu mmoja hauna soksi.

Vibarua walikuwa wakivuta turubai. Ukingo mzima wa rundo ulikuwa umeshalowa.

"Umeipata?" Irungu aliuliza bila kuinua uso.

"Nimeipata."

"Na ni kama ulivyotaka?"

"Hapana. Mkia umepungua. Nilikosea."

Irungu alisimama wima. "Umenilowanishia mahindi ili ujue kwamba umekosea?"

"Ndiyo, Mzee."

Mzee akamwonyesha gunia lililokuwa limelala matopeni.

"Shika upande huo. Haraka."

Namalwa alishika, akainua, na walipokuwa wakiyumba nalo kuelekea ghalani, akili yake ilikuwa tayari ikiuliza ni nini kilichoupunguza mkia ule.