Miezi Sita ya Kutojua

Siku bima nafuu ya wafanyakazi ilipotangazwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, vigelegele vilisikika kutoka jikoni hadi chumba cha kufulia. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakiuguza watu, wao wenyewe wakijitibu kwa vidonge vya kubahatisha. Mama Pacha, muogeshaji wa wazee, alipiga vigelegele pia, hadi aliposomewa sharti la mwisho: ugonjwa utakaogunduliwa kabla ya miezi sita kwisha, bima haitaugharamia. Juma lililopita alikuwa amegusa kivimbe kwenye titi lake la kushoto.

Alimwendea meneja, akasingizia kwamba ana jirani mwenye shida hiyo. Meneja si mtu mbaya. Alishusha sauti, akashauri huyo jirani asipime kwanza. Bima gani hii inayomtaka mtu awe mzima ndipo imtibu?

Aliyegundua siri yake ni Bi Mkunga. Bibi huyu alizalisha nusu ya mji kabla miguu haijamsaliti, na sasa Mama Pacha ndiye humkumbatia kila asubuhi akimhamisha kutoka kitandani hadi kiti cha kuogea. Miguu ilizeeka, vidole havikuzeeka; asubuhi moja katika kukumbatiwa viligusa kile kivimbe. Aliuliza, akaelezwa yote.

"Mwanangu, ugonjwa hausomi masharti. Nenda leo."

"Nikienda leo nitajua, bibi. Nikishajua, nani atalipa?"

Mshahara wa Mama Pacha uliishia kwenye kodi na karo ya wale pacha, na baba yao alikwishajiendea zake. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Wakapatana kwamba kila Jumatatu, mlango wa bafu ukifungwa, bibi atampapasa. Wiki nyingi alisema, "Hakijakua," na Mama Pacha akamtania kwamba mkunga kapata mteja mwenye mimba isiyokua. Walicheka, ingawa wote wawili walikuwa na hofu.

Mwezi wa nne vidole viliacha titi, vikapanda hadi kwapani, vikatulia hapo.

"Imebaki miezi mingapi?" bibi aliuliza.

"Miwili."

Safari hii Bi Mkunga hakusema hakijakua. Alivuta sare ya Mama Pacha, akaanza kumfunga vifungo kimoja kimoja huku machozi yakimtoka. Mama Pacha alitamani kuuliza, akaogopa, maana akijibiwa atakuwa amejua.