Mama Mkwe Aliyefungia Jengo Zima

Mchora ramani za majengo alikuwa na mazoea yake saa ya mapumziko ofisini: kuongeza maelezo kuhusu madaraja kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri. Aliandika bila akaunti, maana kujisajili aliona ni usumbufu. Siku moja ukurasa ukamgomea. Tangazo lilisema anwani ya intaneti ya jengo lao imezuiwa miezi mitatu kwa uharibifu na matusi, na aliyeizuia ni msimamizi aitwaye Bibi Dawa.

Bibi Dawa alikuwa mama mkwe wake, mfamasia mstaafu, ambaye waandishi wenzake wa kamusi hiyo walimchagua kulinda kurasa zao.

Alipowasimulia wenzake ofisini, walimtania kwamba mkwe amemwanika juani. Akawaahidi kwamba kesho mambo yatakuwa shwari, kwani hayo ni ya nyumbani.

Jioni yeye na mkewe wakapitia kwa mama. Walimkuta sebuleni, miwani puani, kompyuta mapajani. Mchora ramani akatoa shikamoo, akaulizia mgongo wake, akasifu mapazia. Mkewe akachoka kusubiri, akalitoboa jambo lenyewe.

Mama mkwe akaeleza bila haraka. Jengo lao lote linatumia laini moja, tangu duka la simu chini hadi ofisi za juu, kwa hiyo kamusi huwaona wote kama mtu mmoja. Humo yumo anayebadilisha vipimo vya dawa za watoto na kuandika matusi. Wasimamizi wakisahihisha, anarudi.

"Lakini mama, mimi unanijua."

"Nakujua, mwanangu. Ila nikikufungulia wewe, nimemfungulia na yeye. Kuna mzazi atampimia mtoto dawa kwa uongo ule, eti kwa sababu nilimwonea haya mkwe wangu."

Akaongeza kwamba alipogundua jengo ni la mkwewe, aliwaomba wasimamizi wengine waupime uamuzi wake, nao wakauafiki. Tena hakuwazuia wenye akaunti. Aliyejisajili kwingine angeweza kuandika hata akiwa mle ofisini.

Mchora ramani alikuwa amejiandaa kununa, lakini kinyongo kilikataa kuja. Akajisajili palepale kwenye kochi. Mkewe akamchagulia jina, Bwana Daraja, akamwambia ukubwani watu hubatizwa na wake zao.

Kesho yake wenzake wakauliza kama mkwe amelegeza.

"Amekataa," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayetangaza kwamba mwanawe amefaulu. "Amekataa, na haki ni yake."

Akawaeleza sababu. Mhasibu na wengine wawili wakaenda kujisajili makwao. Mharibifu hakujulikana kamwe, lakini muda wa zuio ulipokwisha hakurudi tena.

Siku hizi mgeni akifika ofisini na mazungumzo yakagusa mtandao, mchora ramani huvuta kiti. "Kuna mama mmoja alitufungia jengo zima," husema, "na mimi nikiwemo." Kisha husubiri aulizwe huyo mama ni nani wake.