Sindano Tisa za Usingizi

Shemeji yangu Kagaruki hajawahi kunipa hata chumvi. Kwa hiyo aliponiambia atanipeleka Bukoba kwa daktari wa Kichina, nauli juu yake, nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Mtu asiyelala miezi mitatu hana akili ya kushtuka.

Na ni yeye aliyeninyima usingizi. Mume wangu Aroni, kabla hajakata roho, alitamka mbele ya mashahidi kwamba kibanja chetu, migomba na kahawa yote, ni cha binti yetu Joviana, nami nikitunze mpaka akue. Tulipomaliza tu matanga, Kagaruki akaja na karatasi. Imeandikwa kwamba mimi Alistidia, kwa hiari yangu, narudi kwa wazazi wangu Ijumbi na kibanja namwachia yeye. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia bila dole gumba langu hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Basi akawa haniachi. Alikuja asubuhi, alikuja jioni, alikuja na wazee, alikuja amelewa. Nikaanza kulala jicho moja, mwishowe hata hilo moja likakataa.

Hospitalini tulipokelewa na mkalimani, kijana wa Kichina ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi wa Kamachumu. Daktari alikuwa mama mtu mzima. Hakuuliza naumwa wapi. Alishika kifundo cha mkono wangu kwa vidole vitatu, kisha akataka nitoe ulimi.

"Daktari anauliza, ukipata usingizi unaamka saa ngapi?" mkalimani akasema.

"Saa nane usiku. Kila siku."

Wakasemezana. "Anasema hiyo ni saa ya ini. Kwa utabibu wao wa jadi, anayeamka saa hiyo amefungia hasira ndani. Anauliza, umemkasirikia nani?"

Kagaruki akacheka. "Hasira? Huyu? Waitu, jamani, huyu ni mpole kabisa. Ni mawazo ya msiba tu."

Nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo. Lakini ningesema nini, wakati nyumbani narudi na mtu huyo huyo?

Nikalazwa kitandani. Sindano tisa, nyembamba sana: moja katikati ya nyusi, mbili kila mkono, mbili kila mguu. Haziumi.

"Nusu saa," mkalimani akasema. "Usijitikise. Ndugu yako atabaki nawe."

Wakatoka. Hofu ikanishika. Mtu aliyechomekwa sindano mikono na miguu atakimbilia wapi? Nikakaza macho darini, nikaapa sifumbi. Lakini joto likapanda kutoka miguuni, taratibu, na usingizi nilioutafuta miezi mitatu ukaja saa niliyokuwa siutaki.

Nilipozinduka, daktari alikuwa anachomoa sindano ya mwisho. Kagaruki alikuwa mlangoni, kofia kichwani, karatasi ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Amelala fofofo!" aliwaambia kwa furaha. "Dawa yenu kiboko!"

Dole gumba langu la kushoto lilikuwa la zambarau.

Nilitaka kumrarua. Hapo ndipo nilipokumbuka kisomo. Kila jioni nilikwenda kwenye darasa la watu wazima, naye alijua. Aliamini sisi wanawake tunakwenda kusengenya, na hakuwahi kuniuliza tunafundishwa nini.

"Kadi hii haitaki sahihi ya mgonjwa?" nikamuuliza mkalimani, nikiigusa kadi ya matibabu aliyoishika.

"Dole gumba linatosha, mama."

"Hajui kuandika," Kagaruki akadakia. "Twende, basi litatuacha."

"Nipe kalamu," nikasema.

Herufi zilitoka zote: Alistidia Aroni. Kisha nikainua dole gumba, nikamwonyesha yule mama. "Mimi naandika jina langu, siweki dole. Wino huu sikuupaka mimi. Nimepakwa nikiwa usingizini, kwa karatasi iliyo mfukoni mwake. Naomba na hilo liandikwe."

Mkalimani akatafsiri. Daktari alimtazama Kagaruki, halafu akaandika kwa maandishi yao, mkalimani akaandika kwa Kiswahili chini yake, akagonga mhuri wa tarehe ya siku ile. Kagaruki alikuwa hacheki tena.

Basi la jioni lilikuwa limejaa. Zilibaki nafasi mbili tu, tena za pamoja. Mimi dirishani, yeye upande wa kutokea. Kadi niliitia kifuani. Macho yake hayakutoka kwenye blauzi yangu, pale ilipokuwa kadi.

Na dawa ya yule mama, jamani, ilikuwa dawa kweli. Kope zilishuka zenyewe. Nilizifungua, zikashuka tena. Kamachumu kulikuwa mbali bado. Nikajifinya paja kwa kucha, nikakaza macho.