Banda la Baridi ya Kanada

Nilipoteza kuku kumi na sita kwa joto katika mwezi wa Julai, mwezi ambao Mombasa nzima hujifunika shuka. Nasema kwa joto. Nyumbani kwetu Kibokoni hadi leo husemwa ni kideri, maradhi ya kuku, wengine husema ni jicho, na mamangu husema ni kudura. Kudura haipigi misumari.

Mwaka huo, 1996, nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha mifugo na stashahada yangu. Wenzangu walikwenda kufanya kazi bara. Mimi mama alisema ningoje, msichana asiye na baba haendi kulala nyumba za watu. Basi nikangoja, na katika kungoja nikafuga uwani. Nilianza na kuku tembe wanne. Kufikia Julai nilikuwa na kuku ishirini na mmoja na mabata wanne, na kila kuku nilimchanja kideri kwa mkono wangu mwenyewe, tone moja jichoni, huku nimembana kwapani ili asiogope.

Mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya wageni sauti hunipotea. Mbele ya kuku haijanipotea hata siku moja.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa kuku koo mmoja wa madoadoa, niliyemwita Kidoti. Bata wetu walikuwa wakitaga popote na kuondoka bila kugeuka nyuma, kwa hiyo nilimwekea Kidoti mayai tisa ya bata akayaatamia. Mayai ya bata huchukua wiki nne, wiki moja zaidi ya yale ya kuku, lakini hakuchoka. Alikuwa siku ya kumi.

Ndipo akaja Mjomba Khubaib, kaka yake mama, baada ya miaka kumi na mmoja Kanada.

Alikuja na masanduku mawili na picha. Picha zilizunguka mtaa mzima: Mjomba amevaa koti kubwa kama godoro, amesimama nyuma ya nyumba yake, theluji imefika magotini, na mikononi amepakata kuku mwekundu. Watu walishangaa. Kuku katika barafu! Mama alikuwa akiwaonyesha hata watu waliokuja kuuza samaki.

"Sisi kule kwetu," Mjomba alipenda kusema, na kule kwetu hakukuwa Kibokoni tena, "kuku hafi kwa baridi. Hufa kwa ujinga wa mwenyewe."

Wiki yake ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo bila dalili ya kuacha, na upepo wa kusi ukawa unapiga mpaka ndani ya uwa. Kuku wawili wakapiga chafya. Mjomba akasimama mbele ya banda langu, mikono kiunoni, akatikisa kichwa. Banda lilikuwa la mbao na wavu wa waya, na juu mabati. Pande mbili nilikuwa nimeziacha wazi kusudi.

"Ummu, hili ni banda au ni kapu la kuvulia?" akaniuliza. "Upepo wote huu!"

"Wanahitaji hewa, Mjomba," nilisema. Nilisema kwa sauti ndogo nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

"Ati nini?"

"Hewa."

"Hewa!" Akamgeukia mama akicheka. "Mtoto amesoma hewa miaka mitatu."

Mama naye akacheka. Alikuwa hajacheka vile tangu baba afe, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nani angetaka kumnyang'anya?

Siku ya pili yake Mjomba akaleta mbao, magunia na karatasi za nailoni. Alipiga misumari asubuhi nzima. Akaziba wavu wote, akaziba mpaka upenyo wa chini ya mlango, isipokuwa pembe moja ambapo ubao ulimpungukia. Ndani akamwaga maranda, akaniamuru nisizoe tena kinyesi. Kule kwetu, alisema, kinyesi huachwa chini ya maranda kikachacha, na kikichacha hutoa joto, kuku wakalala kama wako kwenye blanketi. Akaning'iniza globu kubwa ya umeme iwake usiku na mchana. Kisha akachukua kopo la mafuta ya mgando akawapaka kuku wote vichwani, kile kishungi chekundu, ili kisiumwe na barafu.

Barafu! Mombasa!

Mejumaa, Mdigo aliyekuwa akimsaidia mama kupika kunapokuwa na shughuli, alisimama na karai lake akawatazama kuku waking'aa vichwa.

"Hawa wanaenda harusini?" akauliza.

"Wewe bibi, endelea na masufuria yako," Mjomba akamwambia.

"Naendelea, bwana. Lakini hata kule Kwale hatujaona kuku wa kupakwa mafuta."

Mabata Mjomba aliwaacha nje. Bata, alisema, hulala juu ya theluji bila taabu. Hicho ndicho kitu pekee alichosema kikawafaa.

Na kwa sababu kule kwake kulikuwa na wanyama wanaokuja kula kuku, na hapa kulikuwa na paka wa mtaa mzima, akatia kufuli. Ufunguo akauweka mfukoni mwake. Kila asubuhi nilikuwa nikimngojea anifungulie banda langu mwenyewe.

Nilimwambia mama siku ya kwanza. Nilimwambia siku ya pili, kwamba nikiingia mle macho yananiwasha, ile harufu ya mkojo wa kuku inapanda kichwani, na kuku wanapumua midomo wazi. Nilimwambia uwa wetu ni mwembamba, nyumba za majirani zinautia kivuli, lakini kuanzia saa nne mpaka saa nane jua husimama juu ya mabati yale kama mtu anayedai deni. Mvua ikiisha tu watachemka.

"Mjomba wako amefuga kuku kwenye barafu miaka kumi na mmoja," mama akasema. "Wewe umefuga miezi sita. Na yeye ni mgeni wetu. Akiondoka utafanya utakavyo."

"Atakapoondoka watakuwa hai?"

"Usinijibu hivyo, Ummu."

Sikumjibu tena. Hili najilaumu mpaka kesho.

Jumamosi ya wiki ile mvua ikaacha. Jioni kulikuwa na hitima ya babu, Mjomba ndiye aliyeiandaa, isomwe baada ya Alasiri kisha watu walishwe. Mimi nilitumwa Makadara kununua viungo vya pilau. Mjomba naye alitoka alfajiri kwenda Likoni kualika jamaa. Nilidhani amefungua banda kabla ya kutoka. Niliporudi, saa nne na nusu, jua limeshaingia uwani na kufuli liko mahali pake.

Niliweka sikio kwenye ubao. Ndani kulikuwa na sauti moja tu, kama watu wengi wakipumua kwa pamoja haraka haraka. Ubao wenyewe ulikuwa wa moto.

Nilikimbia jikoni kutwaa nyundo. Mama akanishika mkono.

"Kufuli la mjomba wako hulivunji."

"Mama, wanakufa."

"Anarudi sasa hivi. Watu wanakuja leo, unataka waje wakute tumevunjiana makufuli?"

Mejumaa alikuwa akimenya vitunguu. "Bi Swabaha," akasema, "mwache mtoto avunje. Kufuli huuzwa."

"Nawe usiingie!"

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Mama ni mfupi kuliko mimi, na mkono wake haukuwa na nguvu. Ningeweza kujitoa kwa kugeuka tu. Nilisimama. Nikaenda nikamwagia maji juu ya mabati, ndoo baada ya ndoo, nikachomoa nailoni niliyoweza kwa kucha, nikaketi chini pale penye pembe iliyobaki wazi nikapepea kwa kipepeo cha mkaa kama mwendawazimu. Ile pumzi ya ndani ikawa inapungua. Saa moja nzima niliisikia ikipungua.

Mjomba alirudi saa sita kasoro robo, akifurahi, na kifurushi cha halua. Aliponiona aliweka kifurushi chini. Alifungua kufuli, na joto lililotoka lilimrudisha nyuma hatua mbili.

Kuku watano walikuwa wamesimama wamesongamana penye ile pembe. Kumi na sita walikuwa chini. Kidoti hakuwa ameinuka juu ya mayai yake. Mabawa alikuwa ameyatandaza, mdomo wazi, na macho yake yalikuwa yameshaingia vumbi.

Nilidhani atasema kitu. Nilidhani atasema hata Innalillahi. Alisema, "Kisu! Nileteeni kisu upesi, wasipotee!"

Akachinja. Alikuwa akiwavuta miguu mmoja baada ya mwingine akiwatupa juu ya sakafu, bismillahi, bismillahi, anakata. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake. Watatu walipigapiga mabawa na damu yao ikaruka. Wale kumi na watatu waliobaki hawakutikisika. Aliwakata kama mtu anayekata mkate. Kidoti alikuwa wa mwisho, na kutoka kwenye shingo yake hakikutoka kitu ila tone moja zito jeusi.

"Mjomba, huyo alikuwa amekufa," nilisema.

"Alikuwa hai. Nimemwona akipepesa jicho."

"Hakutoa damu. Wengi hawakutoa damu."

"Joto limeikausha," akasema, akafuta kisu. Kisha akasikia alichokisema, akaongeza haraka, "Homa. Hao walikuwa na kideri. Wewe na sindano zako za chuo."

Nikamtazama mama. Mama akainama akawaokota kuku akawatia wote kwenye karai moja, akampa Mejumaa awanyonyoe.

Sijui kama ninaweza kueleza hasira ile. Mtu mwenye aibu hasira yake haina mahali pa kutokea, basi humla yeye mwenyewe. Nilijifungia chumbani. Si kwa kuwa waliuawa tu. Waliuawa, wakasingiziwa, na sasa walikuwa wakichemka kwa nazi na ndimu ili Mjomba asiulizwe kuku wamekwenda wapi. Na watu wangekuja kumsomea babu yangu Kurani kisha wakalishwa mizoga.

Baada ya Alasiri sebule ilijaa. Walikuwa wanaume kama ishirini, na mbele yao Mwalimu Zein, aliyenisomesha Kurani chuoni kwake tangu nina miaka mitano, siku hizi ndevu zote nyeupe. Walisoma, wakamaliza, wakaomba dua. Sinia zikaanza kupita, pilau ya mbuzi, na baada yake mabakuli ya kuku wa kupaka.

"Karibuni," nikamsikia Mjomba. "Kuku wa nyumbani hao, wa mpwa wangu. Nimewachinja kwa mkono wangu."

Nilikuwa nyuma ya pazia na jagi la maji ya kunawa. Katika nyumba zetu msichana hapitishi neno katika kikao cha wanaume. Lakini kuna jambo moja ambalo mtu yeyote anaruhusiwa, mwanamke, mtoto, hata mgeni wa barabarani: kumuuliza mwalimu suala la dini. Mwalimu akiulizwa suala, watu hunyamaza.

"Mwalimu," nilisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mazungumzo yakakatika.

"Labeka. Nani huyo?"

"Ni Ummukulthum. Nina suala."

"Uliza, mwanangu."

"Kuku aliyelala hatikisiki, akakatwa shingo, damu isitoke. Analiwa?"

"Huyo ni mzoga," akasema Mwalimu. "Kisu hakimhalalishi maiti. Haliwi."

"Na akichanganywa katika chungu kimoja na walio halali, wasijulikane?"

Nilimsikia akiweka bakuli chini, polepole. "Basi chungu chote huachwa," akasema. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa macho yangu. Kumi na watatu. Walikufa kwa joto, Mwalimu. Walifungiwa bandani na globu inawaka, na ufunguo ulikuwa Likoni."

"Khubaib?" Mwalimu akauliza.

Mjomba akaanza kusema habari za kideri. Mtu mmoja pembeni akasema kwa upole kuwa basi kama ni kideri ndiyo kabisa, nani hulisha watu kuku wa kideri? Kuna aliyejaribu kuzuia kicheko akashindwa. Mabakuli yakarudishwa mlangoni moja moja, na mimi nikayapokea. Wakala pilau ya mbuzi wakaondoka mapema.

Mjomba alinikuta uwani. Alikuwa amefura kwa hasira.

"Umenifedhehesha mbele ya watu wazima, kwa ajili ya kuku!"

"Ndiyo," nilisema. "Kwa ajili ya kuku."

Akageuka, akapanda juu akikanyaga ngazi kwa nguvu.

Mama alikuja baada yake, macho mekundu. "Panda ukamshike mkono mjomba wako, umtake radhi. Ni kaka yangu, sina mwingine."

"Na mimi nani atanitaka radhi, mama?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwingine. Nilingoja ajibu, kweli nilingoja. Kisha nikaingia jikoni nikatwaa ile nyundo, na safari hii hakunishika.

Niling'oa ubao wa kwanza. Ulipiga kelele ulipoachana na msumari. Nikang'oa wa pili.

"Majirani watasikia," mama akasema.

"Na wasikie."

Dirishani juu Mjomba akapiga ukelele, "Hizo mbao nimenunua mimi!"

Sikuinua kichwa. Niling'oa zote, nikazoa maranda na kinyesi mpaka nikafikia sakafu, nikawarudisha wale watano penye hewa. Mbao nikazibeba juu, tatu tatu, nikampangia Mjomba mlangoni pa chumba chake, zote, hata kipande kisichofika mkono. Zilikuwa zimejaa misumari mirefu iliyokunjwakunjwa.

Niligeuza misumari ikatazama chini. Lakini kabla ya kuigeuza nilifikiria kuiacha ikitazama juu, Mjomba aikanyage akitoka.