Kibali Kisicho na Nguruwe

Nilikuwa sijawahi kumnyima mtu marahaba. Siku ile nilimnyima Khalfani, tena makusudi, huku namtazama usoni.

Alikuja na mdogo wangu Calist, wote makarani wa ofisi moja kule Tumbi. Calist ndiyo kwanza amepata kibali cha kuwinda, cha kwanza maishani mwake, na Khalfani, mwindaji wa miaka mingi, ndiye aliyekuwa anamfundisha. Walipitia kwangu Soga asubuhi wanywe chai, halafu waingie porini ng'ambo ya shamba langu.

Shamba lenyewe, jamani! Ekari mbili za mihogo, na nguruwe pori wameshafukua moja nzima. Hawali wakashiba wakaenda zao. Wanavuruga tu, shina hili wanaling'ata, lile wanaliacha lioze. Hiyo ekari iliyobaki ndiyo chakula cha wanangu wanne mpaka mwakani. Nilimwambia Calist kabla hajaenda kwa afisa wanyamapori: mdogo wangu, mnyama wa kwanza kuandika awe nguruwe. Akaniapia. Wiki iliyofuata akarudi na kibali kimeandikwa swala na tandala. Nguruwe hayumo.

"Khalfani ni Mwislamu, dada," akaniambia. "Hataki hata kusikia nguruwe akitajwa. Na gari ni lake."

Basi nikamchukia Khalfani mwezi mzima. Sasa huyo hapo, amekaa kwenye mkeka wangu anasifia vitumbua vyangu! Damu ikanichemka.

"Kula, kaka, kula," nikamwambia. "Wewe shibe yako ipo. Wanangu watakufa njaa kwa sababu hutaki nguruwe wapigwe!"

Akaacha kutafuna. "Nani kasema sitaki?"

"Si dini yako!"

"Dada, dini imenikataza kumla. Haijanikataza kumpiga akiharibu shamba la mtu. Kwetu Kisarawe nimekua nawapiga hao hao, marehemu baba anawaita majirani Wakristo waje wabebe." Akamgeukia Calist. "Mimi si nilikwambia tuanze na nguruwe? Ukanijibu dada yako hana shida nao."

Calist akainamia kikombe chake, anakoroga chai aliyokwisha kuikoroga zamani.

"Tandala ana pembe, dada," akasema. "Nilitaka kitu cha kutundika sebuleni. Mtu uwindaji wako wa kwanza ulete nguruwe? Ofisini wangenicheka."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi! Kaona pembe za ukutani ni bora kuliko chakula cha wapwa zake, halafu kamsingizia mwenzake na dini yake. Nami nikaamini upesi upesi, bila kumuuliza mwenyewe, na hilo lilinichoma kuliko mihogo. Nikamwomba Khalfani radhi palepale, wanangu wakisikia.

"Kibali kimeshagongwa muhuri," Calist akasema kwa sauti ya chini. "Msimu ujao nitaandika nguruwe peke yake. Haki ya Mungu, dada."

"Msimu ujao?" Sikupiga kelele tena. "Na kuanzia leo mpaka huo msimu ujao, Calist, wapwa zako niwachemshie pembe?"