Doa Lililotembea

Bi Sindano alianguka kwenye ngazi za duka la vitambaa akiwa amekumbatia jora la pazia, na kwa kuwa hakukubali kuliachia jora, kilichovunjika kilikuwa kifundo cha mguu. Daktari alimfunga plasta mpaka karibu na goti, akamwambia asikanyage cherehani kwa wiki nane.

"Wiki nane?" akauliza. "Si bora ungeukata kabisa huo mguu, daktari?"

Miaka thelathini na nane alikuwa amekula jasho la kuziba matundu. Suti iliyoungua sigara, sweta lililoliwa na nondo, shela lililonaswa na msumari, vyote alivifuma uzi kwa uzi mpaka mwenyewe asijue palipokuwa na tundu. Sasa mwanawe wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba kwa sababu ya kazi yake, alimchukua akamweka kwake, katika chumba kidogo alichokuwa akitumia mkewe kusahihishia madaftari. Mke huyo alifundisha fizikia sekondari. Hata mumewe alimwita Mwalimu.

Mama mkwe na mkwe hawa walipendana, ila kwa adabu nyingi mno. Walisalimiana, wakaulizana habari za mguu, wakasifiana chai, kisha maneno yakawaishia. Siku ya tatu Bi Sindano alichoka.

"Mwanangu, samahani kwa udaku. Kila ukitoka kazini unakaa mbele ya hiyo kompyuta, unatazama picha ileile ya buluu. Unatafuta nini humo?"

Mwalimu aliona haya, kama aliyekutwa akila jikoni. "Kometi, Mama. Nyota zenye mkia."

"Ndani ya kompyuta?"

Mwalimu akasogeza kiti. Alimweleza kwamba kuna chombo kimepelekwa angani, kazi yake kulitazama jua bila kupumzika. Lile duara jeusi katikati ya picha ni kiziba kilichowekwa makusudi kulifunika jua, la sivyo mwanga wake ungemeza kila kitu. Picha zinafika kila baada ya dakika chache, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzitazama. Humo ndimo kometi zinamopita karibu na jua, zikionekana kama doa dogo tu. Anayeliona kwanza na kutoa taarifa, ndiye mgunduzi.

"Na wewe umepata ngapi?"

"Hata moja. Huu mwaka wa sita. Mara mbili niliona, nikakuta wenzangu wameshanitangulia. Mmoja kwa dakika tisa."

"Pole, mwanangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Bi Sindano aliitazama ile picha. "Lakini nyota gani hizo zinazokwenda kujichoma zenyewe?"

"Kwa kweli si nyota, Mama, jina tu. Ni madonge ya barafu na vumbi. Yakiwa mbali yamelala, meusi, hayana mkia wowote. Yakilikaribia jua barafu inageuka mvuke, inatoka na vumbi, na ndiyo mkia wenyewe. Na mkia haufuati nyuma kama wa mbwa. Jua ndilo linalousukuma. Kometi ikiwa inaondoka, mkia unatangulia mbele."

"Unatangulia! Basi ni kama bibi harusi aliyepigwa na upepo mgongoni, shela linafika mlangoni kabla yake."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, na adabu ya miaka minne ikapungua jioni ile.

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwalimu alimwachia mama mkwe kompyuta ikiwa imewashwa, imwondolee upweke. Alimfundisha kanuni chache. Doa linaloonekana katika picha moja tu ni takataka. Nyota za kawaida huhama zote pamoja, kwa mwendo mmoja. Kometi huenda njia yake peke yake, picha baada ya picha, na haibadili mwendo ghafla.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Bi Sindano aliona doa chini kidogo upande wa kushoto. Alilamba ncha ya kidole, akafuta kioo. Halikufutika. Alichukua kitambaa, akasugua. Picha mpya ilipofika, doa lilikuwa limesogea kuelekea kwenye duara jeusi.

"Wewe," alilinong'oneza. "Unakwenda wapi?"

Alivuta futi yake ya kushonea kutoka mfuko wa gauni, akaiweka juu ya kioo na kuandika vipimo nyuma ya bahasha. Picha ya tatu, ya nne, ya tano. Nyota zilizolizunguka zilisogea pamoja kama watu wa foleni, lakini doa lile lilizipita likashika njia yake. Akampigia Mwalimu simu. Haikupatikana. Akakumbuka: siku ya mitihani, simu zote zinazimwa. Akampigia mwanawe.

"Njoo nyumbani upesi!"

"Mguu, Mama?"

"Achana na mguu! Njoo!"

Fundi Bomba alifika suruali imelowa mpaka magotini, spana mkononi, roho juu. Alipoona mama yake mzima anaonyesha kidole kwenye kompyuta, alikaa chini sakafuni.

"Nimeacha jiko la watu limejaa maji, Mama. Kwa ajili ya doa?"

"Doa linatembea. Funga mdomo, fungua fomu ya kutoa taarifa."

Fomu ilitaka saa ya kila picha na namba mbili za mahali doa lilipo. Fundi Bomba, ambaye angeweza kufungua koki yoyote akiwa amefumba macho, aliandika kwa kidole kimoja huku mama yake akimsomea. Walirudia mara tatu. Mwisho kulikuwa na nafasi ya jina la mgunduzi.

"Weka la mkeo," Bi Sindano alisema.

"Mama, yeye yuko shuleni anasimamia mitihani."

"Miaka sita, mwanangu. Mimi siku kumi na mbili tena nimekaa tu kama gunia. Haki iko wapi hapo? Andika."

"Ni uongo."

"Ni uongo mdogo. Andika, nimesema."

Akaandika. Jioni Mwalimu aliwasha kompyuta, akakuta barua pepe inampongeza: kometi imethibitishwa, na hakuna aliyeiripoti kabla yake. Alisoma mara mbili. Akatazama saa ya kugunduliwa. Akageuka taratibu, akamwona mama mkwe anajifanya amelala na mumewe anajifanya anatafuta spana.

"Nani kati yenu?"

Fundi Bomba akamwonyesha mama yake kwa kidevu.

Mwalimu alimkumbatia mama mkwe kwa nguvu, akamwambia kitu ambacho hakuna aliyekisikia kwa sababu alikuwa analia. Kisha akakaa mezani akaanza kuandika barua ya kusahihisha jina.

"Unafanya nini?" Bi Sindano akafumbua macho. "Zawadi hairudishwi!"

"Mama, hii si yangu. Ningeitazama kila siku nikijua."

"Mimi nimekupa kwa moyo wangu wote."

"Najua. Lakini mimi sikutaka kupewa. Nilitaka kuiona."

Bi Sindano alinuna. Alinuna kwelikweli, siku mbili nzima, akijibu kwa "ndiyo" na "hapana", akila nusu ya chakula ili aonekane amenuna. Siku ya tatu jibu likafika: kometi yenyewe ingebeba jina la chombo kilichoipiga picha, pamoja na namba, lakini katika orodha ya wagunduzi jina lilikuwa limebadilishwa. Mwalimu alimsomea jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo alikuwa hajalisikia likitamkwa tangu mumewe afariki.

"Hebu nionyeshe yenyewe," Bi Sindano alisema. "Iko wapi leo?"

Mwalimu alisita. "Haipo, Mama. Iliyeyuka jioni ileile. Zile ndogo hazitoki salama."

"Yaani nimempata asubuhi, nimemzika jioni?"

"Lakini ina ndugu. Zamani palikuwa na kometi moja kubwa, ikapasuka. Vipande vikapasuka tena. Ndivyo hivi tunavyoviona, vyote njia moja, kila kimoja kwa siku yake."

"Ukoo," Bi Sindano alisema. "Basi sogea hapa. Shida yako, mwanangu, unatafuta tundu. Hata mimi nilipoanza kazi nilitafuta tundu, nikaumia macho bure. Tazama kitambaa. Kizoee kikiwa kizima. Kikiharibika, jicho litakataa lenyewe."

Walifanya hivyo jioni baada ya jioni, bega kwa bega, wakibishana na kutaniana. Plasta ilikatwa, wiki nane zikapita, lakini Bi Sindano hakutaja habari ya kurudi kwake. Fundi Bomba alikwenda kuichukua cherehani bila kuulizwa, akaiweka chini ya dirisha.

Mwezi wa saba tangu siku ya doa lile la kwanza, Jumamosi asubuhi, Mwalimu alitoka chumbani mbio, nywele zimesukwa upande mmoja tu.

"Mama! Picha nne! Nimeshatuma, nimeshatuma!"

"Umehakikisha?"

"Wa kwanza, Mama. Mimi wa kwanza!"

Bi Sindano aliacha suruali ya mteja chini ya sindano ya cherehani na kuinuka kwa miguu yote miwili, uliovunjika na mzima kwa pamoja. Walikaa wawili kwenye kiti kimoja. Hii ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na kufikia adhuhuri ilikuwa imeota mkia mwembamba unaoelekea mbali na jua.

"Hongera, mwanangu," Bi Sindano alisema, akimshika mkono. "Mzuri kweli huyu. Mwite mumeo aje amwone kabla hajaingia kwenye jua."