Tepu Iliyozungushwa Kinyume

Nilikuwa nimelala na mtoto ubavuni, saa tisa za mchana, usingizi ule wa mzazi wa siku ishirini ambao huwezi kujua kama ni usingizi au ni kuzimia. Ndotoni nilikuwa natembea ndani ya jengo refu ambalo halijaisha, maji yanazungumza ndani ya kuta, nami nayajibu. Ti. Ti. Ti. Nilipofumbua macho jengo likaondoka, maji yakabaki yakizungumza.

Nikaenda bafuni. Jua lilikuwa linaingia kwa kidirisha cha juu, na hita mpya, mtungi mweupe uliotundikwa juu ya beseni, ilikuwa inang'aa kwa maringo. Kwenye maungio ya bomba tone lilijikusanya taratibu, likanenepa, likashika mwanga wote wa kile chumba, halafu likaanguka. Likafuata jingine. Nilisimama nikiyahesabu mpaka nikasahau nilichofuata, kisha moyo ukanishuka.

Si kwa ajili ya maji. Maji hupigwa deki yakaisha. Hita ile iliungwa jana yake na baba yangu, fundi bomba wa miaka arobaini, naye alikuwa ametuapia mimi na mume wangu: "Hii ikikaa bila kuvuja, Jumatatu narudi kazini. Ikivuja, naacha ufundi." Miezi minne alikuwa amekaa nyumbani kwa sababu ya kile alichokiita kihoma. Baba asiye na kazi ni mtu anayekunja na kukunjua gazeti lile lile asubuhi mpaka jioni. Nilitaka arudi kazini kuliko alivyotaka yeye.

"Spana!" aliniita kutoka sebuleni. Ndilo jina alilonipa nikiwa na miaka sita, nilipokuwa nambebea vifaa vyake. "Mbona kimya huko?"

"Inavuja, baba."

Alikuja polepole, akatazama juu. "Hilo ni jasho la mtungi. Hita mpya zote hutoka jasho."

"Jasho gani linajaza beseni?"

"We mtoto una mdomo," alisema, lakini hakucheka.

Nikazima swichi, nikafunga koki kubwa, nikapanda kwenye stuli. Akanikataza, eti mzazi hapandi stuli. Nikamwambia basi apande yeye. Hakupanda. Nikalegeza nati, na maji yaliyobaki kwenye bomba yakanitiririka hadi kwenye kiwiko, ya uvuguvugu, na kwa muda nikasahau tena nilikuwa wapi.

Halafu nikaiona tepu. Ile tepu nyeupe inayozungushwa kwenye meno ya bomba ili maji yasipate upenyo ilikuwa imefumuka yote na kujikusanya pembeni. Ilikuwa imezungushwa kinyume. Baba ndiye aliyenifundisha, kabla hata sijajua kusoma, kwamba tepu hufuata upande ambao nati inafungwa. Ukienda kinyume, nati ikiingia inaifumua. Vijana wake kazini walikula makofi ya kisogo kwa kosa hilo hilo.

"Baba, hii umeizungusha kwa mkono gani?"

"Mkono si mkono tu?"

"Jana ulitutoa bafuni. Ulisema fundi hatazamwi."

Akageukia dirisha. "Wa kushoto," alisema. "Kushoto kunapenda kwenda upande wake. Huu wa kulia ulikuwa umechoka."

Nilichukua tepu mpya nikaizungusha, naye akinielekeza kutoka chini kwa sauti yake ya zamani: vuta, usilegeze, zungusha tena, haya, sasa nati. Kwa dakika zile nilikuwa na miaka sita na yeye alikuwa mrefu kuliko nyumba. Tukafungua maji. Nikapitisha karatasi ya chooni kwenye maungio, ikatoka kavu. Nikawasha swichi.

"Umeona?" alisema. "Tepu tu. Jumatatu narudi."

"Unarudi, baba," nikasema, na nilikuwa naamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Baadaye mtoto akaamka akilia. Baba akasema atampimia maji mwenyewe, kama alivyokuwa akinipimia mimi. Nilipoingia bafuni na mtoto begani, mvuke ulikuwa umejaa kila mahali, kioo hakionekani, jua limegeuka maziwa matupu, na baba amesimama katikati yake kana kwamba yuko mbali sana. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya maji.

"Bado ya baridi," alisema. "Subiri kidogo."

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye vidole vyake. Nilimweka mtoto kwenye kapu la nguo, nikauvuta ule mkono, nikautumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Ngozi ilikuwa imeiva, malengelenge yameanza kutuna. Baba aliutazama kama kitu alichoazimwa. Nikalia kwa sauti, bila aibu, maana sasa nilijua hatarudi kazini, naye aliona kwamba nimejua.

Akanifuta machozi kwa mkono wa kushoto.

"Unalia nini, Spana?" alisema. "Mbona wala hauniumi."